MADOA SUGU KWENYE SHATI JEUPE LA SHULE: KABLA HUJASHIKA JIKI, SOMA HAPA



Wiki hii siasa nimeziweka pembeni, mtanisamehe. Nataka tuongee habari za beseni. Ndiyo, beseni la kufulia. Wengi mnaopita hapa ni vijana kama mimi: umemaliza shule, upo nyumbani unasubiri mambo yakae sawa, na nyumbani wameshakupa cheo, mfuaji mkuu wa sare za wadogo zako. Sasa kama una mdogo wako wa shule ya msingi unajua vita ninayoisema. Shati linaondoka Jumatatu jeupe, linarudi limebeba wino, embe, udongo, na vitu vingine hata mwenyewe hajui alivitoa wapi.

Najua mko kafe na dakika zinahesabika, kwa hiyo nimepanga doa moja moja. Nakili lile linalokuhusu, ukimbie. Lakini kipande cha kuhusu jiki usikiruke hata kama hela imebaki ya dakika tano. Hicho ndicho kimenifanya niandike.

SHATI LA DOGO

Mi nimemaliza kidato cha nne, naishi Mbagala na Maza pamoja na mdogo wangu wa darasa la nne. Dogo ana mashati mawili tu ya shule. Toka Januari 2016 Serikali ilifuta ada kwenye shule zake kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, na hilo tunashukuru. Lakini sare bado inatoka mfukoni kwa mzazi. Maza anauza vitumbua, na shati moja ni vitumbua vingi sana, tena faida yake siyo mauzo.

Halafu kuna ukaguzi wa usafi pale mstarini Jumatatu. Mwenye shati lenye madoa anatolewa mbele, wenzake wanamwangalia. Dogo alishawahi kutolewa kwa doa la wino. Shati lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, lakini doa lilikuwepo. Alirudi nyumbani akasema hataki shule tena. Mtoto wa darasa la nne! Kuanzia hapo nikaapa kwamba doa halitapita mbele ya macho yangu.

Jumapili moja nikaanua nguo nikakuta shati la Dogo lina mistari miwili ya kahawia mabegani. Kumbe waya wetu wa kuanikia umeota kutu. Nikafikicha na sabuni, wapi. Nikachukua jiki nikamimina juu ya doa, bila maji, yaani kavukavu. Doa likakaa palepale, tena nikaona kama linazidi kukolea. Hapo nikakumbuka jirani mmoja aliwahi kusema ndimu inatoa kutu. Na ni kweli inatoa. Lakini mimi nikakata ndimu tatu nikakamulia ndani ya beseni lilelile, juu ya jiki ileile.

Bafu letu halina dirisha. Ilipanda harufu kali ambayo sijawahi kuisikia, macho yakawaka, kifua kikabana kama mtu amekalia mbavu zangu. Na Dogo alikuwa ameinama pembeni yangu, ameshika mkono wa shati ili anisaidie. Maza alisikia tunakohoa akaja akatuvuta wote wawili nje. Mimi nilipona baada ya saa moja hivi. Dogo alikohoa mpaka usiku, na Maza hakulala, alikuwa anamsikiliza anavyopumua.

Wadau, kilichonitokea ni kemia ambayo niliikariri kwa ajili ya mtihani wa NECTA. Jiki ni sodiamu hipokloraiti iliyochanganywa na maji. Ukiitia asidi, na maji ya ndimu ni asidi, inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyohiyo Wajerumani waliifungulia dhidi ya majeshi ya adui kule Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Mi nilikuwa naitengeneza bafuni kwa ajili ya shati. Kwenye karatasi ya mtihani ningejibu vizuri tu. Kwenye beseni sikuitambua.

DOBI ALINIULIZA SWALI MOJA

Kesho yake nikalipeleka shati kwa dobi wa mtaani kwetu, mzee mmoja ambaye amefua na kupiga pasi toka sijazaliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana." Nikaanza kumweleza sabuni nilizotumia, moja baada ya nyingine. Akanikatisha.

"Sijakuuliza sabuni. Hili ni doa la nini?"

Basi wadau, makala yote ni hilo swali. Sisi tukiona doa kwenye nguo nyeupe tunawaza jiki, kana kwamba madoa yote ni ndugu. Siyo ndugu. Kinachotoa damu hakitoi wino, na kinachotoa wino hakitoi kutu. Kuna madoa ambayo maji ya moto yanayafukuza, na mengine maji ya moto yanayajengea nyumba humo humo kwenye kitambaa. Ukikosea dawa ya kwanza, ya pili inakuwa na kazi mara mbili.

Mzee alinipa mengi, mengine nikayachimba mwenyewe na kuyajaribu kwenye mashati ya Dogo. Tuanze.

1. DAMU

Dogo kaanguka, kajikwaa, pua imetoka damu. Kosa la kwanza la watu wengi ni maji ya moto. Damu ina protini, kama yai. Yai ukilitia kwenye maji ya moto linaganda, na damu vilevile inaganda ndani ya nyuzi. Tumia maji ya baridi, tena mapema iwezekanavyo. Pitishia maji upande wa nyuma wa kitambaa ili yaisukume damu nje, usiisukume iingie ndani zaidi. Kisha loweka kwenye maji ya baridi yenye chumvi kama nusu saa, halafu fikicha na sabuni ya mche.

Kama damu imeshakauka, nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Matone machache juu ya doa, utaona povu linachemka. Subiri dakika tano, suuza, rudia. Kwa shati jeupe haina shida, ila usiipeleke kwenye sketi au kaptura ya bluu bila kujaribu kwanza upande wa ndani wa pindo.

Na hapa niseme jambo kwa kaka wenzangu. Kama mdogo wako wa kike amerudi nyumbani kajifunga sweta kiunoni, usimuulize maswali mbele za watu. Mpe beseni, maji ya baridi na sabuni, basi. Ni doa kama madoa mengine.

2. WINO WA KALAMU

Hili ndilo lililomtoa Dogo mstarini. Wino wa kalamu ya kawaida ya dukani una mafuta ndani yake, ndiyo maana ukitia maji na sabuni unasambaa tu, kidoti kinakuwa ziwa. Usianze na maji.

Nunua spiriti duka la dawa. Weka kitambaa kikuukuu cheupe chini ya doa, chovya pamba kwenye spiriti, halafu gonga gonga juu ya doa ukitokea pembeni kuja katikati. Usisugue. Utaona wino unahamia kwenye kile kitambaa cha chini. Kihamishe kila kikichafuka, la sivyo unaurudisha wino kwenye shati. Ukiona hauhami tena, fua kwa sabuni kama kawaida. Vile vitakasa mikono tulivyovizoea toka corona ya 2020 navyo vinasaidia, kwa sababu vina alkoholi.

Angalizo: spiriti inashika moto haraka. Usifanye kazi hiyo karibu na jiko la mkaa, na usipige pasi kabla shati halijafuliwa na kusuuzwa.

Zile kalamu za jeli ni kesi nyingine. Baadhi wino wake ni wa maji, kwa hiyo jaribu kwanza maji ya baridi na sabuni. Ukiona haitoki ndipo uje kwenye spiriti.

3. KOLA NA KWAPA

Ile mistari myeusi ya kola siyo vumbi tupu. Ni mafuta ya ngozi na jasho ambayo yameshika vumbi. Mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, angalia lebo ya ndani utaona. Poliesta haipendi maji lakini inapenda mafuta, inayakumbatia kweli kweli. Ndiyo maana kola inakuwa chafu wakati mgongo ni mweupe.

Dawa yake ni sabuni kabla ya ndoo. Lowesha kola kidogo tu, paka sabuni ya mche au ile sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, iache dakika kumi na tano ikae na mafuta, halafu piga mswaki wa zamani taratibu kufuata nyuzi. Hapa maji ya uvuguvugu yanaruhusiwa, yanalainisha mafuta. Ukitupa shati zima kwenye ndoo moja kwa moja, sabuni inagawanywa shati lote na kola inapata kidogo.

Njano ya kwapani isikudanganye ukaipiga jiki. Jasho na jiki vinaweza kuzidisha njano. Changanya magadi soda ya kupikia na haidrojeni peroksaidi kidogo mpaka iwe uji mzito, paka, acha nusu saa, suuza.

4. KUTU

Tumerudi kwenye aibu yangu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni. Jiki inafanya kazi kwa kuongeza oksijeni kwenye kitu, sasa kutu imeshaunguzwa na oksijeni tayari, unaiongezea nini? Haitoki, na mara nyingi inazidi kujikita.

Ndimu inafanya kazi kwa sababu asidi yake inashikana na kile chuma, kinakuwa kitu kinachoyeyuka na kuondoka na maji. Kamulia ndimu juu ya doa, nyunyuzia chumvi, anika juani saa moja au mbili, doa lisikauke kabisa, ongezea ndimu likianza kukauka. Kisha suuza sana. Rudia kama limebaki. Shati lisiwe na jiki hata tone. Kama uliwahi kulitia jiki, lisuuze maji matatu kwanza, likae, ndipo uje na ndimu.

Kitu kingine ambacho wengi hatujui: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu ukakaa juani, ngozi inaweza kuungua na kuacha mabaka meusi. Ukimaliza kukamua, nawa mikono na sabuni kabla ya kutoka nje.

Na waya? Badilisha, au uufunge kamba ya plastiki juu yake. Mi nimefunga kamba. Kazi ya dakika kumi ambayo ingeniokoa na yote haya.

5. UDONGO MWEKUNDU

Hili ni la wenzetu wa Moshi, Iringa, Njombe na kwingineko ambako ardhi ni nyekundu, lakini hata sisi wa Dar mtoto akienda likizo analirudisha. Ule wekundu ni chuma, ni jamaa wa kutu. Kwa hiyo jiki haina kazi hapa pia.

Kosa ni kulivamia likiwa bichi. Ukifikicha tope bichi unaliingiza ndani ya nyuzi. Liache likauke kabisa, likung'ute, lipige brashi kavu, ndipo uloweke kwenye maji yenye sabuni ya unga kwa saa kadhaa. Kitakachobaki kirudie kwa sabuni, na mwisho ndimu na chumvi kama kutu.

6. MATUNDA, CHAI NA MCHUZI

Embe, zambarau, mabuyu yale ya rangi, chai ya rangi iliyomwagika. Haya nayo yana kosa lake la kwanza, na kosa lenyewe ni sabuni ya mche. Rangi ya chai na matunda mengi inapokutana na sabuni ya mche inaweza kujishika zaidi. Zambarau ndiyo kichekesho: doa la zambarau ukilipaka sabuni linageuka kuwa la bluu, mtu anadhani shati limeingia wino. Ni rangi ileile, inabadilika tu ikikutana na kitu chenye ukali wa sabuni.

Anza na maji ya baridi mengi, halafu siki nyeupe au ndimu, iache dakika kumi, suuza. Baada ya hapo sabuni ya unga. Likibaki, haidrojeni peroksaidi.

Mchuzi wenye binzari ya manjano nao ni mchawi. Ukitia sabuni unageuka mwekundu. Usiogope. Toa mafuta kwa sabuni ya vyombo, suuza, halafu anika juani likiwa bichi. Rangi ya binzari haivumilii jua. Siku mbili tatu za jua la Dar inakimbia yenyewe bila jiki.

7. FENESI, NDIZI NA BIBO

Utomvu wa fenesi unanata kwa sababu ni kama mpira. Maji hayaugusi. Mama zetu wanapaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kulikata fenesi, na kwenye shati ni vilevile: paka mafuta kidogo juu ya utomvu, fikicha mpaka ulegee, kisha toa mafuta yale kwa sabuni ya vyombo.

Utomvu wa ndizi na maji ya bibo, hapo wadau nasema ukweli. Bibi yangu yuko Mkuranga, ana mikorosho, na Dogo akienda kule likizo anarudi na mabibo kifuani. Likiwa bichi doa halionekani, ni maji tu. Likikutana na hewa linaanza kuwa jeusi, siku ya pili limeshakuwa alama. Ukiliwahi palepale kwa maji mengi unapunguza. Likishakauka sijawahi kuliona likitoka lote. Bibi mwenyewe anasema doa la bibo huhamia nawe. Dawa ni moja: mtoto asile bibo akiwa na shati la shule. Avue.

MAJI YENU NAYO YAANGALIENI

Kuna nyumba shati halina doa lakini limekuwa kijivu, kama limefuliwa na majivu. Hapo usimlaumu mfuaji. Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvichumvi na madini. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo inatengeneza utando mweupe unaoganda, ule unaouona pembeni mwa beseni. Utando huohuo unakaa kwenye shati, unashika vumbi, shati linafifia wiki hadi wiki.

Kama maji yenu ni ya kisima, tumia sabuni ya unga kuliko ya mche, yenyewe haisumbuliwi sana na madini. Na kama mna ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua, usiitumie kufulia, itunze kwa suuza ya mwisho.

Halafu bluu. Bluu haitoi doa, inadanganya jicho. Njano ikipewa bluu kidogo inaonekana nyeupe. Siyo dhambi, mi naitumia, lakini iyeyushe kwanza vizuri kwenye maji, la sivyo unatoa mabaka mapya.

SASA JIKI YENYEWE

Sijasema jiki ni mbaya. Ina kazi yake: kung'arisha shati la pamba lililofifia, kuua vijidudu, kumalizia doa la chai lililogoma. Lakini iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Na sheria zake ni hizi, zinakilini:

Moja, usiimimine juu ya nguo. Itie kwenye maji kwanza, kipimo kile kilichoandikwa kwenye chupa, maji ya baridi. Ndipo uingize shati.

Mbili, dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Usilaze shati usiku kucha. Jiki haijui kutofautisha doa na uzi, ikimaliza doa inakula uzi.

Tatu, isikutane na ndimu, siki, dawa ya kusafishia choo, spiriti, wala ile haidrojeni peroksaidi. Na isikutane na mkojo. Nepi na mashuka ya mtoto aliyekojoa yasuuzwe kwanza, kwa sababu mkojo una amonia, ambayo nayo ikikutana na jiki inatoa gesi mbaya. Dawa moja kwa wakati mmoja, suuza kabisa, ndipo nyingine.

Nne, fulia nje au mlango ukiwa wazi, na watoto wakae mbali. Ukisikia harufu inakukaba, usijitie ushujaa wa kuokoa shati. Acha kila kitu, toka nje kwenye hewa, osha macho kwa maji mengi. Kifua kikiendelea kubana, au ni mtoto, au mtu mwenye pumu, nenda hospitali, usisubiri asubuhi kama sisi.

Tano, usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto anajua chupa ya soda ina soda. Na ikitokea kainywa, usimtapishe, mpe haraka safari ya hospitali na uibebe chupa yenyewe.

KABLA YA PASI

Jambo la mwisho, dobi alilisisitiza mara mbili. Usipige pasi juu ya doa. Joto linalipika doa, na baada ya hapo hata mwenye dawa hana dawa. Shati likiwa bado bichi, linyanyue juu ulitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiliona doa, lirudishe kwenye beseni. Na kama pasi yenu ni ya mkaa kama yetu, ifute chini kwa kitambaa kibichi kwanza, usije ukaongeza doa la masizi dakika ya mwisho. Mi limeshanikuta.

MWISHO WA SHATI

Mnataka kujua shati la Dogo liliishia wapi. Kutu ilitoka, kwa ndimu na chumvi, siku mbili, juani, nje. Lakini pale mabegani nilipomimina jiki kavukavu uzi ulikuwa umeshakufa. Wiki iliyofuata alinyoosha mkono darasani kujibu swali, likachanika. Maza hakunigombeza. Alikata kipande cha mgongo akakipinda pembeni, sasa kinafunika vitumbua. Kila asubuhi nakiona pale mezani, cheupe kabisa, halafu nakumbuka kile kikohozi. Dogo amebaki na shati moja mpaka Maza alipopata hela ya lingine, mi nalifua kila jioni na kulianika ndani usiku.

Sasa walimu, najua mnasoma hapa baadhi yenu. Shati lenye alama ya wino siyo lazima liwe chafu. Linuse, liangalie kola, muulize mtoto limefuliwa lini. Kuna nyumba mtu amekesha na lile shati, na doa halikutoka kwa sababu halitoki. Ukimtoa mbele kwa doa la bibo, unamwadhibu kwa kitu ambacho hata bibi yangu na miaka yake yote hakukiweza. Na nyumbani kuna mtu, pengine kijana wa miaka kumi na nane asiyejua, anashika chupa ya jiki na ndimu kwa sababu ya ile aibu.

Basi wadau, mi nimemaliza. Ukilikuta doa, jiulize kwanza swali la mzee: ni doa la nini? Na mwenye dawa ya bibo lililokauka, iliyojaribiwa na siyo ya kusikia, aiweke hapo chini. Nitaijaribu kwenye kitambaa kikuukuu kwanza, halafu nitawaletea majibu.

Habari ndiyo hiyo.